Vitamini A ya Mwalimu Veneranda

Ninyi wauguzi wapya najua mnachoogopa, kwa sababu hata mimi nilikiogopa: damu nyingi, maiti ya kwanza, na kukemewa na daktari mbele ya wagonjwa. Hayo yanapita. Kilichonitesa mimi kwa miaka ni sentensi moja niliyoisema nikiwa nimesimama kwenye mlango wa wodi, trei ya dawa mkononi, nina haraka ya kwenda kunywa chai. Sentensi yenyewe ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana nataka muisikilize vizuri.

Naitwa Respisi. Ni mtu wa Muleba, lakini kazi yangu karibu yote niliifanyia Mwanza, kwenye wodi ya magonjwa ya ndani, wanawake kushoto, wanaume kulia, na katikati chumba chetu kidogo chenye kabati la dawa lisilofunga vizuri. Wakati ule manesi wa kiume tulikuwa wa kuhesabika. Mgonjwa akimwona mwanamume mwenye koti jeupe anasema, "Shikamoo daktari." Mwanzoni nilikuwa nasahihisha: mimi ni nesi, mama. Baadaye nikachoka kusahihisha. Baadaye zaidi, niseme ukweli kwa kuwa nimeshastaafu, nikaipenda. Nilianza hata kutembea kidaktari, mikono mifukoni.

Wodi yetu ilipokea wagonjwa wengi wa ini. Ziwa lile mnaloliona zuri lina kichocho, na kichocho cha utotoni kikikaa tumboni miaka mingi kinaharibu ini taratibu, mtu akiwa analima na kuzaa na kucheza ngoma. Wengine ilikuwa homa ya ini, wengine gongo. Walipofika kwetu walikuwa wamefanana wote: mikono kama vijiti, shingo imeingia ndani, na tumbo kubwa lililojaa maji. Sisi tuliangalia tumbo. Tunapima tumbo kwa utepe, tunatoa maji, tunampa dawa ya kukojoza, tunaandika kwenye faili kwamba tumbo limepungua.

Aliyeangalia vingine alikuwa Lugembe.

Lugembe alikuwa daktari msaidizi, Msukuma wa Magu, mrefu, ana sauti ndogo kiasi kwamba wodi nzima ilinyamaza ili imsikie. Alikuwa na maswali ya ajabu. Anamfikia mzee mwenye tumbo la maji, badala ya kuuliza tumbo anauliza, "Nyanya siku hizi ina ladha gani?" Anamuuliza mama, "Ukipiga mswaki, mate yana rangi gani?" Tulikuwa tunachekea pembeni. Siku moja alinisikia nacheka. Hakunikemea. Aliniita karibu na kitanda akaniambia, "Respisi, ini ndipo mwili unapoweka akiba ya vitamini nyingi. Ini likisinyaa, akiba haiingii, na iliyopo haitoki vizuri. Mtu huyu anaweza kula kama wewe na bado akakosa. Asiyesikia ladha ya nyanya, nafikiria madini ya zinki. Anayetema mate mekundu, nafikiria vitamini K. Maabara yetu haipimi hayo. Kwa hiyo nauliza."

Tangu hapo niliacha kucheka, ila kuogopa nilikuwa bado. Kuogopa kulianza na mtu wa Usagara.

Alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, mnywaji wa gongo wa miaka mingi, aliletwa na mke wake akiwa anatetemeka na hajala siku nne. Lugembe hakuwepo siku hiyo. Tuliona mtu dhaifu, hajala, tukafanya kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya: tukamtundikia dripu ya sukari. Mke wake alitushukuru. Kufikia jioni macho ya yule fundi yalianza kucheza pembeni, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayesoma gazeti linalokimbia. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Asubuhi Lugembe alipoingia, aliangalia macho yale, akaangalia chupa ya dripu, akauliza, "Nani alimpa B1 kwanza?"

Hakuna aliyempa. Sukari ikiingia kwenye mwili wa mnywaji aliyekauka vitamini B1, inakula hata ile kidogo iliyobaki, na ubongo unabaki mtupu. Alichomwa sindano za B1 siku hiyo hiyo, macho yakatulia baada ya siku kadhaa, lakini kumbukumbu haikurudi. Kila asubuhi mke wake akiingia na chupa ya uji, anamsalimia kama mgeni na kumuuliza ametoka wapi. Mama yule anajibu, "Nimetoka Usagara." Na yeye anasema, "Hata mimi nina ndugu Usagara." Waliondoka hivyo. Sijui mama yule aliyabeba vipi.

Kwa hiyo msinifikirie kwamba sikuonywa. Nilionywa vizuri kabisa. Nilikuwa nimeshaona kwamba vitu hivi vidogo, ambavyo watu wanaviona kama karanga za kutafuna, vina nguvu ya kumwondoa mtu kwenye maisha yake. Bado nikafanya nilichofanya.

Mwalimu Veneranda alikuja kwetu kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli, pamoja na kaka yake Magesa aliyekwenda kumchukua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, ana kanga safi na kitabu mkononi. Tumbo lilikuwa limejaa maji na bandama limekuwa kubwa. Ini lilikuwa limekakamaa. Kama ni kichocho cha utotoni au homa ya ini au vyote viwili, hatukujua kwa uhakika, na yeye hakutaka tumbahatishie. Aliniambia, "Kama hujui, sema hujui. Hata mimi darasani nasema."

Siku ya tatu umeme ulikatika kama saa kumi na mbili jioni, jua linazama, wodi bado ina mwanga wa kutosha kwa mimi na wewe kutembea. Nilikuwa nagawa uji. Nikampa kikombe, akanyoosha mkono kando kabisa, kikombe kikaanguka. Nikadhani ni udhaifu. Nikamletea kingine, nikamwekea mezani. Akapapasa meza yote kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Mwalimu, huoni?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, funga pazia tafadhali. Nisije nikasikiwa."

Nilivuta pazia. Akanieleza kwamba ilikuwa mwezi wa saba sasa, jua likizama na yeye anazimika macho. Mchana anaona, anasahihisha madaftari bila shida. Jioni anakuwa kipofu. Wanafunzi wawili wa darasa la sita walikuwa wanamshika mkono kumfikisha nyumbani, na alikuwa amewaambia wasiseme. Lakini wakwe walikuwa wamegundua. Walisema amefungwa macho na mtu, na kwamba mtu anayefungwa macho jioni hatakiwi kulala kwenye nyumba yenye watoto. Watoto wake wawili walikuwa wamehamishiwa kwa shangazi yao.

"Mimi ni mwalimu," aliniambia. "Siamini hayo mambo. Lakini jua likianza kushuka, moyo wangu unaenda mbio. Naogopa saa kumi na moja kama watu wanavyoogopa simba."

Kesho yake nilimweleza Lugembe. Alifurahi, kwa namna yake ya kufurahi, yaani alikaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliyaangalia macho ya Mwalimu kwa tochi, yalikuwa makavu, hayang'ai. Akaniambia nifunge madirisha ya chumba cha kufungia vidonda, niache mwanga kidogo tu chini ya mlango, nipange stuli mbili na ndoo katikati. Akasubiri kidogo, kisha akamwomba Mwalimu atembee kutoka ukutani hadi kwangu. Mimi nilikuwa naona stuli zile wazi kabisa. Mwalimu aligonga ya kwanza, akagonga ya pili, akaingia kwenye ndoo.

"Hujarogwa," Lugembe alimwambia. "Umekosa vitamini A. Inakaa kwenye ini, na ini lako limeshindwa kuitunza."

Mwalimu alilia hapo hapo, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya ndoo.

Sasa sikilizeni alichoniambia Lugembe tulipotoka nje, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Alisema, "Nampa kidogo. Wiki tatu, pamoja na zinki, halafu basi. Vitamini C ukizidisha unaikojoa. Hii haikojolewi. Inarundikana kwenye ini, na ini lenyewe bovu. Ikizidi ni sumu." Akaandika kwenye faili: wiki tatu. Akapigia mstari chini yake.

Siku ya kumi hivi Mwalimu aliniita jioni, umeme umekatika tena, akanionyesha kwa kidole kwenye baraza. "Daktari, kuna paka anapita. Ana doa jeupe."

Kweli paka alikuwepo. Kweli alikuwa na doa. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa najiona nina mkono wa dawa.

Hapo hapo tulibadilisha na chakula chake. Wakati ule tulikuwa bado tunawanyima wagonjwa wa ini samaki na maharage, tukiamini vyakula vya kujenga mwili vinawachanganya akili. Fikirini, mtu wa Ukerewe, kwenye mji unaonuka sangara kila kona, tunampa uji mtupu na ndizi zilizochemshwa bila chumvi. Wanakonda mbele ya macho yetu na tunaandika kwamba ni ugonjwa. Lugembe alikuwa ameanza kuwa na mashaka na amri ile. Alimruhusu Mwalimu dagaa wasiotiwa chumvi, mboga za majani zenye mafuta kidogo, na mayai. Mashavu yakaanza kurudi.

Aliporuhusiwa, mimi nilikuwa zamu. Magesa alikuwa amebeba mizigo yake, wanawahi meli. Nilikuwa mlangoni na trei. Mwalimu akasimama akaniuliza, "Daktari, hii dawa ya macho ikiisha, nifanye nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliona faili, nimeuona mstari. Lakini chai ilikuwa inapoa, na kuna namna ya kusema ambayo mtu aliyeitwa daktari miaka minne anaizoea, ya kumaliza mazungumzo kwa uzito. Nikasema, "Mwalimu, vitamini A ndiyo dawa yako. Wewe usikose vitamini A."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakaondoka.

Mnapaswa kujua mji ulikuwaje miaka hiyo. Zamani dawa zilikuwa hospitali, na hospitalini zilikuwa hazipo. Kisha soko likafunguliwa, na ndani ya muda mfupi Mabatini ikajaa maduka: mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na maduka ya dawa yenye makopo mpaka kwenye dari. Makopo yenye picha za machungwa, za samaki, za wazungu wenye misuli. Maandishi ya kigeni ambayo muuzaji mwenyewe hakuweza kuyasoma. Hukuhitaji cheti. Ulihitaji kutaja jina tu. Na Mwalimu Veneranda nilikuwa nimempa jina.

Alirudi baada ya miezi mitano. Nilikuwa kwenye baraza Magesa alipomshusha kwenye pikapu. Sikumtambua. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi ya viganja inabanduka kama ganda la kitunguu, nywele zimetoka kwa mafungu. Aliumwa kichwa usiku na mchana na mifupa ya miguu haikutaka kuguswa. Tumbo lilikuwa limejaa kuliko mara ya kwanza, na macho yamekuwa ya manjano.

"Shikamoo daktari," Magesa aliniambia. "Tumekuletea tena mgonjwa wako."

Lugembe alikuwa amekwenda Magu msibani. Daktari kijana aliyekuwepo alimpima akasema ini linamalizika, tumpunguzie maumivu. Mimi nilikubali. Nilikuwa nimeona wengi wakimalizika. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, zile nywele. Wagonjwa wa ini wanakonda, wanavimba, wanakuwa wa manjano. Nywele kutoka kwa mafungu namna ile nilikuwa sijaona. Nikaogopa bila kujua naogopa nini, na kwa kuwa sikujua, nikaendelea kugawa dawa.

Lugembe alirudi baada ya siku mbili. Alikaa juu ya kitanda cha Mwalimu, mara ya pili katika maisha yangu kumwona anakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Aligusa ngozi ya kiganja, akaivuta kipande kidogo, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akamwambia Magesa, "Nenda kaniletee kila kitu anachomeza. Kila kitu, hata cha kienyeji, hata cha dukani. Sitamgombeza mtu."

Magesa alikuwa na duka la vifaa vya baiskeli Mabatini. Alikwenda akarudi na mfuko wa rambo. Akavitoa kimoja kimoja juu ya kabati la kitanda: chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, chupa ya vidonge vyekundu vya vitamini A, dawa ya maji ya kuongeza nguvu, na kopo la nne lenye maandishi nisiyoyajua, lenye picha ya jicho. Lugembe alivaa miwani akasoma vilivyosomeka. Vyote vilikuwa na vitamini A.

"Anakunywa vipi hivi?"

"Vyote, daktari. Asubuhi na jioni," Magesa alisema. "Kila kopo jipya likija namtumia kwa meli. Anaogopa macho yasije yakafungwa tena. Watoto wamesharudishwa nyumbani, sasa anaogopa wasije wakachukuliwa tena."

"Nani alimwambia avinywe?"

Magesa aligeuka, akaninyooshea mkono kwa heshima kabisa, kama mtu anayemtambulisha mgeni rasmi. "Daktari huyu. Tunamshukuru sana. Yeye ndiye alisema asikose."

Nimewahi kuona watu wakifa. Nimewahi kutumbukia ziwani nikiwa sijui kuogelea. Sijawahi kupata baridi kama ile niliyoipata nikiwa nimesimama kwenye wodi ile mchana wa jua kali, mgonjwa ananiangalia kwa macho ya manjano na bado anajaribu kutabasamu.

Lugembe hakusema kitu mbele yao. Aliniita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango ambao haukufunga vizuri.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba asikose vitamini A."

"Ulimwambia kiasi gani?"

"Sikumwambia, mzee."

"Ulimwambia mwisho lini?"

"Sikumwambia."

"Ulimwambia kwamba wewe si daktari?"

Lugembe alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Basi nenda kamwambie. Mwambie hayo."

Nikatoka kwenda kumwambia. Lakini mchana ule ule Mwalimu alikuwa ameanza kupotea. Ini likishindwa kabisa, sumu za tumboni zinapanda kichwani. Nilimkuta amefumbua macho hanioni, anaita majina. Nilidhani ni ndugu zake. Kisha nikasikia mpangilio wake, yalikwenda kwa alfabeti. Alikuwa anaita mahudhurio ya darasa.

Siku nane. Tuliacha makopo yote. Tulimsafisha tumbo kwa enema, yaani kwa kuingiza dawa njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni, tukampa dawa za kuua vijidudu vya utumbo, tukamtoa maji kidogo kidogo. Mimi niliomba zamu zake zote. Watu walisema Respisi amekuwa na huruma. Haikuwa huruma. Nilikuwa naogopa afe kabla sijamwambia, na nilikuwa naogopa apone nimwambie. Kila nikisikia jina analoita, nasubiri linalofuata. Siku akiishia kwenye herufi ya M na kunyamaza, namwekea mkono mbele ya pua kuona kama anapumua.

Magesa alikuwa anakaa chini ya dirisha. Siku ya tano aliniambia bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyenunua." Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema." Alinigawia nusu ya chapati yake, nikaila.

Siku ya tisa asubuhi Mwalimu alifumbua macho akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Alhamisi. Akauliza kwa nini mikono yake inabanduka. Nikavuta stuli. Nilimwambia yote kwa mpangilio: kwamba mimi ni nesi, kwamba dawa iliandikwa wiki tatu na mstari ulipigwa chini yake, kwamba niliuona, kwamba sikumwambia kiasi wala mwisho, na kwamba makopo yale ndiyo yaliyomfikisha pale. Nilisema kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na subira ya mwalimu. Kisha akasema, "Naomba nihudumiwe na mtu mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki tatu nzima nilifanya kazi upande wa wanaume. Nilikuwa namwona kwa mbali, anakaa, kisha anasimama, kisha anatembea akishika ukuta. Nywele mpya zilianza kama za mtoto mchanga. Siku ya kuondoka alipita mbele ya chumba cha dawa bila kugeuza kichwa. Sikustahili zaidi ya hapo na sikusogea.

Mimi nilipewa barua ya onyo, niliitunza, ninayo. Tangu siku ile mgonjwa akiniita daktari namsahihisha, hata kama anatapika.

Najua mnataka kujua mwisho wake. Mwalimu Veneranda hakupona ini, ini lile lilikuwa haliponi. Aliishi miaka kadhaa zaidi, akafundisha, akamwona mtoto wake wa kwanza akimaliza kidato cha nne, kisha akatapika damu siku moja kule Nansio kabla meli ya kumleta haijaondoka. Lakini kabla ya hayo alirudi hospitalini kwetu mara moja, na hiyo ndiyo siku ninayoifikiria nikiwaza kazi yangu.

Alikuwa na jino bovu, shavu limevimba, hawezi kula. Fundi wa meno alikuwa amekataa kuling'oa kwa sababu fizi zilikuwa zinavuja damu zenyewe. Kwa mgonjwa wa ini jino moja linaweza kuwa mwisho. Vitamini K haipo, damu haigandi, mtu anamaliza damu kwenye beseni huku mnamtazama. Sista mkuu alinifuata upande wa wanaume. Alikuwa na sura ya mtu asiyeelewa alichotumwa.

"Yule mwalimu wa Ukerewe amelazwa," alisema. "Nimempangia nesi mzuri, amemkataa. Anasema anamtaka yule nesi aliyemkosea. Nikamwambia wapo wengine ambao hawajamkosea. Akasema hao bado hawajui waogope nini."

Nilikwenda. Alikuwa amekaa kitandani na kitambaa shavuni. Hakunisalimia kama zamani, wala hakutabasamu.

"Bwana Respisi," alisema, mara ya kwanza kunitaja kwa jina. "Sindano hiyo ni ya nini?"

"Vitamini K, Mwalimu. Ya kusaidia damu igande."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Inaingia kwenye mshipa, polepole sana, kwa sababu kwenye msuli damu itavilia, na haraka inaweza kukuangusha. Baada ya siku tatu napima. Damu ikikataa kuganda, jino linabaki na tunatafuta njia nyingine."

"Na ikizidi?"

"Hii haitazidi. Nimesoma chupa mara mbili."

"Isome tena. Nisikie."

Nikaisoma kwa sauti, jina, kiasi, tarehe ya kuharibika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuongea. Alipotikisa kichwa kukubali nikamfunga mkono, nikaingiza dawa taratibu huku natazama saa ya ukutani, na jasho linanitiririka mgongoni mpaka kiunoni. Nilifanya hivyo siku tatu.

Siku ya nne asubuhi nilichukua damu yake kidogo nikaiweka kwenye kichupa cha glasi, kikavu, kisafi, nimekiosha mwenyewe. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Unakiacha kichupa kimesimama dakika ishirini bila kukitikisa, halafu unakiinamisha. Damu ikimwagika upande, hakuna kung'oa kitu. Nilikiweka juu ya kabati la kitanda chake. Lugembe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, fundi wa meno kando yake. Mwalimu alikuwa anaitazama saa yake ya mkononi kama msimamizi wa mtihani. Nilikuwa nasikia feni ya wodi ya jirani.

"Ishirini," alisema.

Nilikishika kichupa kwa vidole viwili. Nikakiinamisha kidogo, kisha zaidi, kisha nikakigeuza chini juu mbele ya macho yake.

Damu haikusogea.

Mwalimu alikiangalia, akavua saa, akaniwekea mkononi, akafungua mdomo jino ling'olewe.